Neno kwa Ulimi wa Jirani

Mwaka 1517 mtawa Martin Luther alitoa hoja zake 95 huko Wittenberg, Ujerumani, akipinga biashara ya vyeti vya rehema. Mwaka 1522 akatoa Agano Jipya kwa Kijerumani, ili hata mkulima alisikie Neno kwa lugha aliyoinyonya kwa mamaye. Kanisa la Roma, katika Mtaguso wa Trento (1545–1563), likashikilia Misa ya Kilatini. Ugomvi wa imani ukawa pia ugomvi wa lugha: ni nani anayestahiki kumwomba Mola kwa ulimi wake?

Mfarakano huo ulifika magharibi ya Ziwa Viktoria kwa njia ya Buganda. Huko Wakristo waliitwa wasomaji, kwani kusoma na kuamini lilikuwa jambo moja. Lakini Wakatoliki walijulikana kama Wafaransa na Waprotestanti kama Waingereza. Januari 1892 pande hizo zikapigana Mengo. Wakatoliki wakashindwa, na askofu wao, Jean-Joseph Hirth, akakimbilia upande wa Wajerumani. Mwaka huohuo misheni ya Kashozi ikaanzishwa karibu na Bukoba. Waprotestanti wa Bethel, kutoka Ujerumani, walipofika mwaka 1910 waliwakuta Wahaya waliokwisha kuisoma Injili kwa Kiganda.

Kutoka Buhaya imani hizo mbili zikapanda hadi Karagwe, nchi ya Wanyambo na ufalme wa kale wa Wahinda. Mkatoliki wa huko alisikia Misa kwa Kilatini mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulipozifungulia mlango lugha za watu. Mlutheri alisali kwa lugha ya watu mapema zaidi, ila watu hao walikuwa jirani zake: lugha ya kitabu na tenzi ilikuwa Kihaya, kisha Kiswahili. Hoja ya Luther iliwafikia Wanyambo nusu.

Kiswahili nacho kikaubeba mpasuko. Mkatoliki ana padri, neno lenye asili ya Kireno, na huenda Misa. Mlutheri ana mchungaji, neno ambalo katika nchi ya ng'ombe halihitaji mkalimani, na huenda ibada. Mtu hufungua kinywa tu, dhehebu lake likajulikana.

Walutheri wa Karagwe walipata dayosisi yao mwaka 1979. Wakatoliki wakapata Jimbo la Kayanga mwaka 2008. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imezikuta zote mbili. Juu ya neema, iliyowagawa mababu wa imani, pande hizo zilitia saini tamko la pamoja huko Augsburg mwaka 1999. Juu ya ulimi, deni limebaki. Mwaka 2005 mwanaisimu Josephat Rugemalira alichapisha sarufi ya Kinyambo, akadhihirisha kwamba lugha hiyo ina kanuni zake timamu. Haikupungukiwa na maneno ya kumwitia Mungu, ilichelewa kuulizwa.