Kutoka Singida Hadi Theluji ya Kibo



Katika likizo ya Juni 1973, sisi wanafunzi wachache wa Kidato cha Tatu tuliondoka Singida kabla ya jogoo wa pili kuwika, tukiwa juu ya lori pamoja na mwalimu wetu wa jiografia. Shabaha ya safari ilikuwa moja tu: kuiona theluji. Tulikuwa tumeisoma vitabuni na kuijibia maswali ya mtihani, lakini hapakuwa na mmoja wetu aliyewahi kuiona kwa macho.

Leo mtu husafiri juu ya lami kutoka Singida mpaka Arusha. Siku zile ilikuwa vumbi, na kila kilima tulishuka tukasukuma. Tulipita Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, tukalala Babati. Kesho yake tuliiona Arusha chini ya Mlima Meru, kisha Moshi, na usiku tukafika Marangu. Baridi ilitufundisha kulala watatu katika blanketi moja.

Kwa siku mbili mlima ulijificha mawinguni. Siku ya tatu alfajiri, mwenzetu aliyekwenda kuteka maji alipiga ukelele. Tulitoka mbio. Kibo ilikuwa wazi, nyeupe, juu kuliko tulivyodhani kitu chochote kingeweza kuwa. Mmoja wetu alisema, "Hiyo ni chumvi, kama ya Ziwa Balangida kule Hanang!" Tukamcheka.

Mwalimu alitukataza kucheka. Alitukumbusha kwamba tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe ule na kuandika kuwa ni theluji, wataalamu wa London walimbishia. Hawakuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kumbe wasomi nao hukosea wakikaa mbali na jambo wanalolisema.

Jioni ile alitusimulia habari ambayo sijaisahau. Ulaya iko miji ya milimani, kama Chamonix ya Ufaransa na Zermatt ya Uswisi, ambayo huishi kwa theluji: wageni huja kuteleza juu yake kwa mbao ndefu ziitwazo skii, na wenyeji hupata riziki. Kwetu hakuna mji wa namna hiyo. Hata hivyo mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kilele cha Kibo na kuteremka kwa skii. Ilikuwa miaka 23 tu tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wafike kileleni, mwaka 1889. Barafu mojawapo ya kule juu ingali ikiitwa kwa jina la Furtwängler.

Mwaka uleule wa 1912 watu wengine wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuwa mlimani kwa kazi isiyo na mbwembwe. Walipima barafu kwa ajili ya ramani. Sisi vijana tulipenda habari ya wale walioteleza. Leo nikiwa mzee naona kwamba waliotufaa zaidi ni hawa waliopima.

Kwa nini? Kwa sababu ya kipimo chao tunajua tulichopoteza. Kati ya 1912 na 2011 Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Wataalamu wanataja joto la dunia na kupungua kwa theluji inayoanguka mlimani. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu hiyo yaweza kwisha kabisa kufikia 2050. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza leo huenda akawa na watoto wasioikuta.

Milima haikai kama ilivyo. Katesh ileile tuliyoipita tukiimba, tarehe 3 Desemba 2023 iliporomokewa na tope na mawe kutoka Hanang, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Basi vijana, nina ombi. Nendeni mkaione Kibo kama nafasi ikipatikana. Lakini msiopata nauli, maziwa ya Singidani na Kindai yako karibu. Simikeni mti wenye alama za futi ukingoni, someni maji kila mwezi, na muandike tarehe katika daftari la shule. Kidato kimoja kikiondoka, kikabidhi kingine. Kazi hiyo haina shangwe, wala hakuna atakayewapigia makofi. Lakini miaka mia ijayo mtu atauliza maji yalifika wapi, naye atawashukuru.

Mwalimu wetu amekwisha kutangulia. Daftari langu la safari ile ninalo hadi leo.