Jina la Bendi, Daftari la Msajili na Uhuru wa Kusema

Konda wa daladala ya Sinza hana haja ya kueleza Kwa Remmy ni wapi. Anataja tu, na wanaoshuka wanasogea mlangoni. Kituo kimebeba jina la Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akapafanya Sinza nyumbani. Mtu huyu alijiita mwenyewe Sura Mbaya. Tusi ambalo mwingine angelitumia kumdhihaki alilichukua akalivaa kama koti lake, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumuumiza nalo.

Namtaja Remmy kwa sababu ya kesi iliyoamuliwa Washington tarehe 19 Juni 2017, kesi ya mwanamuziki mwingine aliyefanya jambo hilohilo, isipokuwa yeye alilipeleka mpaka mahakamani.

Simon Tam, mpiga gita la besi wa Portland katika jimbo la Oregon, aliunda bendi yake mwaka 2006. Wanamuziki wake walikuwa Wamarekani wenye asili ya Asia, na wakajiita The Slants. Neno hilo ni la kejeli. Waasia wametukanwa nalo kwa umbo la macho yao, na Tam alionewa shuleni kwa kejeli za aina hiyo. Walilichagua kwa makusudi, ili lisiwe tena silaha ya mtu mwingine. Alipoomba kulisajili jina kama alama ya biashara, ofisi ya serikali ikamkatalia. Sheria ya alama ya Marekani ya mwaka 1946, iitwayo Lanham, ilizuia kusajili alama inayodhalilisha watu, na ofisa aliyepitia maombi akaona jina linawadhalilisha Waasia. Katika vielelezo vyake kulikuwa na kamusi ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandika, na picha ya mwimbaji Miley Cyrus akivuta macho yake kwa vidole. Tam akapeleka barua za viongozi wa jumuiya za Waasia waliokuwa wanamuunga mkono. Hazikutosha. Watu waliodaiwa kutukanwa ndio hao waliokuwa wanaomba, lakini ofisi ikashikilia kwamba yenyewe ndiyo inajua kinachowauma.

Desemba 2015 mahakama ya rufani ikampa Tam ushindi. Serikali haikuridhika, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, ambako majaji wote wanane waliolisikiliza walikubaliana: kifungu kile kinavunja uhuru wa kusema. Hoja nzito ya serikali ilikuwa kwamba alama ikishasajiliwa inageuka kauli ya serikali yenyewe, na serikali haiwezi kulazimishwa kutamka tusi. Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu, aliikataa. Daftari la alama lina wauzaji wanaoshindana na watu wenye imani zinazogongana, wote katika orodha moja; kama yote hayo ni maneno ya serikali, basi serikali inajipinga kutwa nzima. Kusajili si kuunga mkono. Miaka miwili baadaye, katika kesi nyingine kuhusu alama ya nguo, mahakama hiyohiyo ilifuta pia katazo la alama zinazoonekana kukosa adabu.

Hapo ndipo habari ya Portland inapofika Tandale na Mbagala.

Sisi tuna historia ndefu ya majina ya muziki, na kwa miaka mingi jina lilikuwa la mwenye vyombo. Super Matimila, bendi aliyoipatia umaarufu Remmy, iliitwa hivyo kwa jina la mfanyabiashara aliyemiliki magitaa na spika. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi; chama kilipokuwa JUWATA nayo ikawa JUWATA Jazz, kilipokuwa OTTU ikawa OTTU Jazz. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafiri, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ikaongezewa herufi DDC mbele. Wapenzi wa dansi hawakungoja barua ya kampuni wala ya chama. NUTA waliiita Msondo, Mlimani Park wakaiita Sikinde, na majina hayo mawili yamedumu kuliko ya wamiliki.

Kizazi cha bongo fleva kilikuja na desturi yake. Temeke ilijiandika kwa herufi tatu, TMK, na kundi la Wanaume likatoka huko chini ya usimamizi wa Said Fella, likiongozwa na sauti ya Juma Nature, ambaye naye alijiita Kiroboto, mdudu ambaye hakuna anayemtaka nyumbani kwake. Kundi lilipopasuka katikati ya miaka ya 2000, Nature aliondoka na sehemu ya jina: waliobaki wakaendelea kuwa TMK Wanaume Family, yeye na wenzake wakawa Wanaume Halisi. Ugomvi mzima wa nani hasa ndiye Mwanaume wa Temeke ulichezwa jukwaani na redioni, na mashabiki ndio waliogawanyika kutoa hukumu. Mimi naona ulikuwa ushindani mzuri kwa muziki. Ila ulionyesha pia jinsi wasanii wetu walivyokuwa wakijenga majina makubwa juu ya ardhi isiyo na hati.

Hati ipo. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ni ya mwaka 1986, na anayeisimamia Tanzania Bara ni BRELA. Zanzibar wana sheria yao. Mwombaji anapeleka jina au nembo, inakaguliwa, inatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na ikipita inalindwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Sheria hiyo nayo haipokei alama inayokwenda kinyume cha sheria au maadili. Maneno mafupi, lakini fikiria yanavyosomwa na mtu aliyekaa mezani. Angelitazamaje jina Sura Mbaya? Angesemaje kwa vijana wa singeli wa Manzese na Tandale wanaojivunia kuitwa watu wa uswazi, neno ambalo mjini lilitamkwa kwa dharau dhidi ya mitaa yao?

Kwa kweli, hapa kwetu mlango wa alama sio uliowabana wanamuziki. Uliowabana ni mlango wa jirani. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na msanii anapaswa kujisajili huko kabla ya kufanya kazi yake. Kwa maneno, huo ni usajili. Kwa vitendo umekuwa kibali, na kibali kinaweza kunyang'anywa kwa sababu ya alichosema msanii. Kosa lililokataliwa Washington ndilo hili, la kuamini kwamba anayeandika jina la mtu katika daftari anawajibika kwa kila neno la mtu huyo, na hivyo ana haki ya kumnyamazisha.

Zamani kazi hiyo ya kunyamazisha ilifanywa na redio. Mwaka 1990 Remmy alitunga Mambo kwa Soksi, akihimiza kondomu wakati UKIMWI ulikuwa unamaliza watu na wengi wakiutaja kwa kunong'ona. Radio Tanzania haikuupiga. Wakati ule ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara, na studio yake ndiyo iliyokuwa ikirekodi bendi zetu, kwa hiyo kufungiwa pale kulikuwa karibu sawa na kufungiwa nchini. Wimbo ukazunguka kwa kaseti na kumbini. Hivi leo nani anaweza kusimama akasema ulipaswa kunyamazishwa? Ulikuwa somo la afya, na walionyimwa somo hilo ni wale waliolihitaji zaidi, wenye redio ya mkulima na bila njia nyingine ya kupata habari.

Turudi 2017, kwani mwaka huo matukio yalikwenda sambamba kwa namna ya kushangaza. Januari mawakili wa Tam walisimama mbele ya Mahakama ya Juu. Machi, Nay wa Mitego, mtoto wa Manzese, alitoa Wapo, wimbo uliouliza maswali makali kuhusu utawala. Tarehe 26 polisi walimkamata akiwa Morogoro, na BASATA ikaufungia wimbo. Kesho yake Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda, aachiwe, upigwe redioni, na hata aongeze mistari kuhusu wakwepa kodi. Mitaa ya Manzese ilishangilia. Juma moja na ushei baadaye rapa Roma Mkatoliki alitekwa akiwa studio ya Tongwe, akapatikana baada ya siku tatu akiwa na majeraha. Juni hukumu ya Tam ikatoka.

Nilifurahi Nay alipotoka, kama walivyofurahi wengi. Lakini alitokaje? Rais aliupenda wimbo. Asingeupenda, je? Tam alishinda mbele ya majaji ambao baadhi yao huenda walilichukia jina la bendi yake, na ushindi wake unamlinda hata mtu atakayekuja baada yake na jina baya zaidi. Nay alipata huruma ya siku moja, ya mtu mmoja.

Na msingi wa kudai zaidi tunao. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini ibara ya 18 ilianza kwa kuuweka uhuru wa maoni chini ya sheria nyingine za nchi. Sheria yoyote ya kawaida iliweza kuukata. Mabadiliko ya mwaka 2005 yaliondoa kamba hiyo, na sasa ibara inasema moja kwa moja kwamba kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Mipaka ipo katika ibara ya 30, lakini mipaka hupimwa na mahakama. Ofisa hana mamlaka ya kujipimia mwenyewe.

Wapo watakaouliza: na majina yanayoumiza kweli? Swali ni halali, na jibu lake limo katika kesi ya Tam yenyewe. Timu ya mpira wa Kimarekani ya Washington ilitumia kwa miongo mingi jina la kuwatukana wenyeji wa asili wa Marekani, na mwaka 2014 alama zake zilifutwa kwa sheria ileile iliyomzuia Tam. Hukumu yake ikaziokoa. Hata hivyo Julai 2020 timu ililiacha jina, baada ya wadhamini na wananchi kuibana hadi ikakosa pa kushika. Kifungu kile cha sheria kilikuwa kimewazuia Waasia waliotaka kujitetea, na tusi kwa wenyeji wa asili lilikuja kuondolewa na watu.

Alama yenyewe pia inaweza kuziba midomo, na Waswahili tumelionja hilo. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kusajili Hakuna Matata kwa ajili ya fulana, ikapewa mwaka 2003. Maneno hayo yalikuwa vinywani mwa pwani yetu tangu zamani, na Them Mushrooms wa Kenya walikuwa wameyaimba katika Jambo Bwana mwaka 1982. Hasira ya mwaka 2018, watu walipotia saini kwa maelfu kupinga usajili huo, ilikuwa ya haki. Daftari linalotenda haki humlinda mtunzi asiibiwe jina, na huishia hapo.

Kwetu mwaka 2018 ulikuja na orodha ya nyimbo zilizozuiwa hewani, nyimbo za Diamond Platnumz zikiwemo, na Roma akasimamishwa kazi ya muziki kwa miezi 6. Desemba Diamond na Rayvanny walizuiwa kupanda jukwaani kwa sababu ya wimbo wao Mwanza, hadi Januari walipofunguliwa. Zote zilikuwa adhabu za ofisi, na zilimalizika kwa msamaha au kwa muda kupita.

Mwaka 2024 BASATA ilimwita tena Nay wa Mitego, safari hii kwa wimbo wake Nitasema. Rais aliyeipenda Wapo alishafariki, na hapa kwetu hapakuwa na hukumu iliyoandikwa mwaka 2017 ambayo wakili wa Nay angeweza kuifungua na kuisoma.