Nyasi za Vilima vya Shaba

Leo tunavuka mpaka hadi Lubumbashi, kusini mwa Kongo.

Tanuru la kuyeyushia shaba liliwashwa mjini humo mwaka 1911. Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo miaka nenda rudi moshi ulielekea kaskazini-magharibi ukiwa umebeba vumbi la shaba na gesi ya salfa. Gesi ilitia udongo asidi, na kwenye udongo wenye asidi shaba huwa sumu kali zaidi kwa mizizi. Miombo ikafa. Mvua ikaburura udongo wa juu. Ukifika mtaa wa Penga Penga utakuta ardhi tupu karibu na nyumba za watu, na kiangazi vumbi lake hupeperuka.

Usidhani dawa ni kuchomeka miche tu. Mche wa kawaida hapo hukauka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waligeukia vilima vya shaba, ambavyo wahunzi wa kale wa Katanga, walioitwa "wala shaba", walivijua vizuri: penye shaba nyingi miti haioti, kuna nyasi na maua tu. Mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Paul Duvigneaud, alieleza mimea hiyo kwa kina mwaka 1963.

Kati ya nyasi hizo kuna Microchloa kunthii, fupi, isiyovutia macho. Ilijaribiwa Penga Penga kwenye udongo uliochanganywa na chokaa na mboji. Chokaa hupunguza asidi. Mboji hushika shaba isifike kwenye mizizi kwa wingi. Shaba haiondoki, iko palepale, ila vumbi hutulia. Kwa mama mwenye mtoto anayetambaa, hilo si jambo dogo.

Tatizo ni kwamba vilima vyenyewe ndivyo vinavyochimbwa. Baadhi ya mimea yake haioti kwingine popote duniani. Kilima kikikwanguliwa, mbegu zimekwenda. Kwa hiyo ukisikia mgodi unafunguliwa karibu nawe, uliza mapema: udongo wa juu utawekwa wapi, na nani anakusanya mbegu? Swali hilo lina majibu ya vitendo. Huko Fungurume, udongo wa juu wa vilima vya shaba ulihamishwa kwa majaribio, pamoja na mizizi na mbegu zilizokuwa ndani yake, ukamwagwa mahali papya.