Testa peke yake haitoshi

Mafundi wengi wa nyumba Njombe na Makambako huanza na bisibisi ya testa. Bei yake ni nafuu, lakini taa yake isipowaka haimaanishi umeme haupo. Huenda umesimama juu ya ubao mkavu, au testa yenyewe imekufa.

Pesa ikiwa kidogo, anza na multimita iliyoandikwa CAT III 600V. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Kabla ya kushika waya, ijaribu kwenye soketi yenye umeme, pima waya, kisha rudi kwenye soketi ile ile.

Mega ni ghali, mnaweza kuchangiana. Hupima ganda la waya kwa volti 500, umeme ukiwa umezimwa. Ikisoma chini ya megaomu 1, usiwashe nyumba.