Nyamunywa Angeitwa Jangili: Somo la Kwanza kwa Mwandishi wa Fantasia

Wanafunzi wangu kutoka Tarime na Serengeti huniletea miswada ya hadithi za kifantasia, na mingi huanza mahali pamoja: ngome ya mawe, theluji, mfalme mwenye upanga, joka linalotema moto. Siwalaumu, ndivyo vitabu na filamu walizokutana nazo. Lakini J.R.R. Tolkien, ambaye wengi wao wanamwiga bila kumjua, alikuwa mwalimu wa lugha na fasihi za kale huko Oxford. Joka lake alilichimbua katika masimulizi ya kale ya Ulaya ya kaskazini. Anayetaka kumfuata kweli na achukue jembe lake, aliache joka.

Tukichimba Mara, tunakuta nini? Wanata wa Serengeti husimulia chimbuko lao kwa mwanamume mwindaji, Nyamunywa, aliyekutana na mwanamke mkulima, Nyasigonko. Majirani zao Waikoma wana Machaba, pembe za tembo zenye utukufu, ambazo masimulizi yanazihusisha na nabii wa Kitatoga. Wakurya wa Tarime walikuwa na abarooti, waonaji ambao ndoto zao zilikuwa jambo la watu wote.

Katika masimulizi haya ajabu haiji kwa ajili ya kustaajabisha tu. Kukutana kwa Nyamunywa na Nyasigonko kunaeleza kwa nini pori na shamba, nyama na nafaka, vinahitajiana. Machaba yanakumbusha kwamba hata kitu kitukufu cha kabila moja kinaweza kuwa na deni kwa kabila jingine. Ni historia ya siasa iliyovaa vazi la muujiza.

Sasa tuutazame mwaka 1951. Mwaka huo Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Naziona kuwa kazi mbili za ubunifu. Ya kwanza ilikiri kwamba imebuniwa. Ya pili ilichora mipaka juu ya ardhi ambayo watu waliifahamu kwa makao ya kale, mawindo na makaburi, kisha ikaizoesha dunia kuiona kama nyika isiyo na wenyewe. Mwaka 1959 filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilieneza picha hiyo duniani, na ikapata tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi walihamishiwa Ngorongoro.

Sisemi hifadhi haina faida. Wanyama wale ni urithi wetu sote. Nasema kwamba hadithi ya nchi tupu ilibuniwa, na ilipata nguvu ya sheria. Chini ya sheria hiyo Nyamunywa, baba wa simulizi, akiingia leo na upinde wake, angekamatwa na kuitwa jangili. Neno lililokuwa sifa limekuwa shtaka, na kijana wa Mugumu anayeandika juu ya majoka ya theluji hajui kwamba nchi yake imekwisha kuandikwa na wengine.

Kwa hiyo, kwa mwandishi anayeanza, ushauri wangu ni huu. Kwanza, kaa na wazee, uliza jina la kila kilima na sababu ya jina hilo. Pili, chagua ajabu moja tu, uipe sheria, na usiivunje. Shaaban Robert aliitundika nchi angani, lakini ndani yake aliweka baraza, mshtaki na mshtakiwa tunaowatambua mara moja. Tatu, jiulize ajabu hiyo inamnufaisha nani na inamnyima nani; hapo ndipo kisa kinapozaliwa. Nne, andika ukurasa mmoja, umsomee aliyekusimulia. Akicheka pasipostahili kicheko, rudi ukaandike upya.

Anayebuni ulimwengu ndiye anayeamua nani anaishi ndani yake. Serengeti imekwisha kubuniwa mara moja bila wenyewe kuulizwa. Mara ya pili, kalamu na iwe mikononi mwao.