Mchoro au Mwili? Mabishano ya Filamu za Mashujaa na Somo la Mighani Ukambani

Kama unafundisha Kidato cha Tatu kule Mwingi, Wote au Kibwezi, bila shaka umewahi kuyasikia mabishano haya. Unaandika ubaoni sifa za mighani. Unafika penye "jagina huwa na nguvu zisizo za kawaida", na mkono unainuka kutoka viti vya nyuma: "Mwalimu, kama Superman?" Kabla hujajibu, darasa limeshagawanyika. Kuna wanaoshikilia kuwa filamu bora za mashujaa ni zile za waigizaji hai, na kuna wanaoapa kwamba vibonzo ndivyo vyenyewe. Wengi wetu hugonga meza tukarejea kwenye ufafanuzi. Mimi niliwahi kugonga. Muhula ulipokwisha nikasahihisha majibu ya swali la jagina, nikakuta karatasi baada ya karatasi ina orodha ile ile niliyoiandika ubaoni, pamoja na kosa langu la tahajia.

Tangu hapo nimeyaacha mabishano yaendelee, ila kwa sharti kwamba kila upande uijue historia ya kile unachokitetea. Wabishi wa pande zote mbili hudhani mpaka kati ya mchoro na mwili umekuwapo tangu jadi. Superman alitokea mwaka wa 1938 kama mchoro katika kijitabu cha vibonzo, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Wakati huo hakuwa akipaa. Alikuwa akirukaruka juu ya majumba mithili ya panzi. Katuni za studio ya Fleischer, zilizoanza mwaka wa 1941, ndizo zilizowazoesha watazamaji wa sinema kumwona akikata mawingu. Mwaka wa 1948 akaigizwa na mtu hai, Kirk Alyn, katika filamu ya mfululizo. Sasa tazama kilichofanyika: kila Alyn alipotakiwa kupaa, watengenezaji walimwondoa na kuweka kibonzo mahali pake! Mwili ulitembea, ukasema, ukapigana. Ulipofika penye muujiza ukaomba msaada wa kalamu. Ilibidi kusubiri filamu ya mwaka wa 1978, ya Christopher Reeve, ndipo mtazamaji asadiki kuwa mtu wa nyama na damu anaweza kuelea angani. Na hata katika Avengers: Endgame ya mwaka wa 2019, sehemu kubwa ya vita vile vya mwisho ilichorwa kwa kompyuta. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema havipendi vibonzo ametazama vibonzo vingi kuliko anavyodhani.

Je, mwili una lipi lisilopatikana katika mchoro? Hapa ndipo penye uzito, nami naomba tukae kidogo. Mwaka wa 2018 Chadwick Boseman aliigiza mfalme T'Challa katika Black Panther, filamu ambamo Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o alikuwa Nakia. Boseman alifariki mwezi wa Agosti 2020. Filamu iliyofuata, ya mwaka wa 2022, ilifunguka kwa kifo cha T'Challa mwenyewe, na mtazamaji hakuweza tena kutenga huzuni ya wahusika na huzuni ya waigizaji. Kibonzo hakifi hivyo. Mchoraji akiondoka, mwingine hushika kalamu.

Vijana wetu wana msemo kwamba "staringi hafi". Mhakiki wa mighani ajue kuwa jagina wetu hufa, tena aghalabu kwa usaliti wa mtu wa karibu. Fumo Liyongo alichomwa sindano ya shaba kitovuni, na masimulizi yanatuambia alipiga goti kisimani akiwa na upinde mkononi, watu wakaogopa kumkaribia wakidhani angali hai. Tukio hilo mimi singempa mchoraji. Katika kibonzo kila kitu hutulia mpaka mchoraji atake kisogee, kwa hivyo kutulia kwa maiti hakumshtui mtu. Linahitaji mwili wa mtu, mwili ambao mtazamaji ameshauona ukihema.

Hata hivyo mabishano ya mchoro na mwili humsahau mhusika wa tatu, nayo ni sauti. Lile jiwe la kryptonite linalomlegeza Superman, udhaifu wake ulio sawa na sindano ya Liyongo, liliingia katika hadithi yake mwaka wa 1943 kupitia mchezo wa redio. Batman wa vibonzo vya mwaka wa 1992 alipumua kwa sauti ya Kevin Conroy, na Conroy alipofariki mwezi wa Novemba 2022 mashabiki walilia kama waliofiwa na Batman. (Kwa hiyo nimekwisha kujipinga: kibonzo nacho kina namna yake ya kufa.)

Huku kwetu sauti ilitangulia vyote viwili. Wengi waliokulia karibu na barabara ya Mombasa, Emali hadi Mtito Andei, hawakuwajua mashujaa wa filamu katika jumba la sinema. Waliwajua katika kibanda cha video, jenereta ikinguruma nje, msimulizi kama DJ Afro akiieleza filamu ya kigeni kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Msimulizi huyo huwabandika wahusika majina mapya, humkejeli adui, huonya shambulio kabla halijatokea. Mwalimu mwenzangu, huyo ni fanani! Ukitaka darasa lako lielewe uhusiano wa fanani na hadhira, anzia kibandani.

Turudi sasa kwa mighani ya Ukambani, maana kwayo wanafunzi wanaweza kulipima swali lao. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha mkusanyiko wake wa ngano za Wakamba mwaka wa 1966, na humo zimo hadithi za aimu, yale mazimwi ambayo mchoraji angeyafurahia. Mwaka wa 2021 kampuni ya Kukua ya hapa Kenya ilitoa Super Sema, vibonzo vya msichana shujaa wa Kiafrika, Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu. Kwa hivyo kalamu zipo. Kinachonisumbua ni kwamba watahiniwa wetu wanazijua silaha zote za Iron Man, lakini ukiwauliza habari za Syokimau wanakutajia kituo cha garimoshi.

Syokimau, yule nabii aliyesemekana kutabiri nyoka mrefu atemaye moto na moshi kabla reli haijapita Kibwezi na Makindu ikafika Nairobi mwaka wa 1899, ningempa mwigizaji hai. Nguvu zake zote zi katika ulimi. Ukimchora akirusha miale umemharibu. Lakini jiwe la Nzambani kule Kitui, ambalo inasimuliwa kuwa mtu akilizunguka mara saba jinsia yake hugeuka, hilo ni la mchoraji. Mwigizaji atahitaji rangi za uso na nguo za kubadilisha. Kalamu itahitaji mstari mmoja tu.

Nililieleza darasa langu hivyo, nikidhani nimemaliza. Msichana mmoja ambaye kwao si mbali na jiwe lenyewe akasema hapana, Nzambani isichorwe wala isiigizwe. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu, mwalimu, susu huhesabu mizunguko pamoja nasi. Akifika sita hunyamaza."