Kiapo, Bunduki na Shosho

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, uliingia Kenya mwaka wa 1937. Waliookoka waliungama dhambi hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao Ukikuyuni walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi wakakataa pia bunduki za serikali. Kuna waliouawa.

Shosho yangu alinusurika. Nilimuuliza kwa nini hakula kiapo tu, yaishe.

"Nilishakunywa damu ya Yesu. Ya mbuzi ningeipeleka wapi?"

Na bunduki je, Shosho?

"Ningempiga nani, na wote ni watoto wetu?"

Juzi niliitishwa kitu kidogo ndio faili yangu isonge. Nikatoa. Jumapili nikaimba kanisani kama kawaida.